Kumtibu Yeye, Kukulinda Wewe



Safari hii sijibu barua moja. Nimezikusanya kadhaa nikazifanya moja, na nimebadilisha kila kitu ambacho kingemtambulisha mtu, maana nyumba ni nyingi ila kilio ni kile kile. Isomeni pamoja nami:

“Dada, mume wangu alikuwa fundi na tuliishi vizuri. Sasa ni mwaka wa tatu anatumia unga. Ameuza televisheni, ameuza mtungi wa gesi, juzi kauza begi la shule la mtoto. Akiwa na arosto anadai hela, na nikimwambia sina ananipiga. Mama mkwe anasema nivumilie kwa sababu yale ni maradhi. Dada zangu wanasema nikusanye watoto niondoke. Nimsaidie kwanza apone, au nijiokoe? Nahisi kila nitakalochagua nitakuwa nimekosea.”

Mdogo wangu, pole. Pole kwa begi la mtoto, pole kwa kipigo, na pole kwa kulibeba hili peke yako muda wote huo. Sasa sikiliza kwa makini. Umewekwa katikati ya watu wanaokuambia uchague moja, na ndiyo sababu unaona kila njia ni kosa. Hapo nyumbani kwako mambo ni mawili. Uraibu ni maradhi, na maradhi yana matibabu. Kipigo ni kosa la jinai, na kosa lina sheria. Kila moja lina njia yake, lina ofisi yake na lina watu wake wa kukusaidia. Unaweza kumtakia mumeo uponyaji kwa moyo wako wote, na siku hiyo hiyo ukaenda kituo cha polisi kuripoti kwamba amekupiga. Huo si usaliti.

Mama mkwe yuko sahihi kwenye nusu moja tu. Ni kweli arosto, yale maumivu ya mwili kukosa unga uliouzoea, inaumiza: mwili unauma mpaka kwenye mifupa, tumbo linachafuka, jasho, kutapika, kukosa usingizi. Lakini jiulize, mumeo akiwa na arosto humpiga nani? Arosto ingekuwa ndiyo inayopiga, ingempiga na muuza unga. Kule anajizuia, anabembeleza, anaomba akopeshwe. Akifika kwako mkono unainuka. Hayo ni maamuzi yake, na dawa ya unga peke yake haiyatibu. Wako wanaume walioacha kabisa kutumia na bado wanapiga. Kwa hiyo usiuweke usalama wako kwenye foleni usubiri apone kwanza.

Njia ya matibabu

Tuanze na maradhi, kwa sababu hapa wengi wenu mnapoteza hela na miaka kwa kutojua.

Tanzania Bara, matibabu ya methadoni, dawa ya waraibu wa heroini, yaani unga, yalianza Februari 2011 pale Muhimbili, yakafuata Mwananyamala na Temeke, kisha yakaenda mikoani, Mbeya, Mwanza na Dodoma. Zanzibar yalianza 2015 Kidongo Chekundu. Kwa ndugu zetu wa Kenya, huduma hii ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata ikafika Malindi, mji ambao tangu miaka ya 1990 ulikuwa na Omari Project iliyokuwa ikiwashughulikia waraibu wa heroini kabla wengi hawajataka hata kuwatazama.

Methadoni ni dawa ya maji, mgonjwa anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Inakaa kwenye ubongo mahali pale pale ambapo heroini hukaa, ila inafanya kazi taratibu, na dozi moja hushikilia mwili kwa siku nzima. Mtu aliyefikishwa kwenye dozi yake sahihi hana arosto na halewi. Anaweza kufanya kazi, kula na kulala. Kituoni pia anapimwa Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini, na anapata ushauri nasaha. Huduma hii ya serikali hailipiwi. Atakayekuambia kwamba hapo mtu anabadilisha ulevi mmoja kwa mwingine, mwambie mwenye kisukari naye anachoma insulini kila siku na hakuna anayemwita mlevi wa insulini.

Kuna mambo ambayo ndugu wanatakiwa kuyajua, na mara nyingi hawaambiwi. La kwanza, methadoni ni ya watu wa heroini na dawa za jamii hiyo. Haitibu pombe, bangi wala mirungi. La pili, ni ya kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na inaendelea kwa miezi mingi, mara nyingi miaka. Kinachowaangusha wengi ni nauli ya kila siku. Ukitaka kumsaidia, saidia hapo: msindikize, au mtafutie wa kumsindikiza, kuliko kumpa hela mkononi. La tatu, na hili linaua: methadoni pamoja na pombe au vidonge vya usingizi inaweza kusimamisha pumzi. Na mtu aliyekaa muda bila kutumia unga, labda alikuwa jela au soba hausi (nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha), akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo, kwa sababu mwili umeshasahau kukihimili. Ukimkuta amelala haamki, anakoroma kwa shida au midomo inabadilika rangi, mlaze kwa ubavu na umwahishe hospitali. Msimwagie maji mkisubiri azinduke.

Mnaoishi na mlevi wa pombe, kwenu kuna tahadhari nyingine. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kupata degedege, akaona na kusikia vitu visivyokuwepo, hata akafa. Kumfungia chumbani “mpaka itoke” ni hatari kuliko mnavyodhani. Aachishwe akiwa chini ya daktari.

Soba hausi nazo zimewasaidia wengi, hasa Zanzibar, ambako waraibu waliopata nafuu ndio waliozianzisha na kuzisimamia wenyewe. Nguvu yake kubwa ni hiyo: anayekuongoza amepita pale ulipo. Lakini kabla hujatoa hela ya mwezi wa kwanza, uliza. Imesajiliwa? Mgonjwa akizidiwa anapelekwa hospitali gani? Ndugu wanaruhusiwa kumwona lini? Kuna kupigwa au kufungwa minyororo? Ukisikia minyororo, geuka uondoke na mtu wako, hata kama nyumba hiyo inaendeshwa kwa jina la dini. Dua na maombi ni haki yako, endelea nayo. Shehe au mchungaji anayekupenda atakuombea na kukuhimiza umpeleke hospitali.

Hujui pa kuanzia? Kwa Bara, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Uliza kituo kilicho karibu nawe. Vituo vya methadoni vinafanya kazi na asasi za mitaani ambazo watu wake huwafuata waraibu kwenye vijiwe vyao, wakawazoea, kisha wakawapeleka kujiandikisha. Hata kama mumeo hajakubali, wewe nenda ukazungumze nao. Wamezoea kusubiri.

Na wewe je?

Mwaka 1951 kule New York, wake wa walevi walioanza kupata nafuu waliona kwamba waume wana vikundi vyao vya kukutana na kuzungumza, wao hawana chochote. Wakaanzisha chao, Al-Anon, na leo kimeenea nchi nyingi. Wazo lao lilikuwa moja: anayeishi na mlevi naye amejeruhiwa, na anastahili msaada wa peke yake hata kama mlevi hajaacha. Nataka ulichukue wazo hilo hata kama mtaani kwako hakuna kikundi chenye jina hilo. Uliza kituo cha methadoni au soba hausi kama wana siku ya ndugu. Kama hawana, waambie mnaitaka. Ndugu wakiwa wanne watano wanaokutana kila wiki chini ya mwembe na kusemeshana ukweli, hicho tayari ni kikundi.

Wala hukumfanya awe mraibu. Si chakula ulichochelewa kupika, si ndugu zako, si kwamba hukumzalia mapema. Vilevile huwezi kumwachisha kwa kulia, kumpekua mifuko wala kumfuata maskani. Lakini kuna unaloweza kufanya. Watafiti wa New Mexico, Marekani, walichapisha mwaka 1999 matokeo ya kuwafundisha ndugu wa walevi namna mpya ya kuishi nao, na karibu wawili kati ya kila walevi watatu waliokuwa wakikataa matibabu walikubali kuanza. Yale mafunzo kwa ufupi ni haya. Akiwa mzima, kaa naye, ongea naye, mpe chakula mezani na watoto, mwambie umefurahi. Akiwa amelewa, usigombane na usibembeleze, ondoka pale taratibu. Deni alilokopa alilipe mwenyewe, na uongo wa kumfunika kazini usiuseme wewe. Neno la matibabu mwambie siku ile anapojuta mwenyewe, na uwe tayari unajua kituo kiko wapi na kinafunguliwa saa ngapi, muende kesho yake asubuhi. Walimu wa njia hiyo wanaweka sharti moja mbele ya yote: usalama wako kwanza. Palipo na kipigo, usijaribu mbinu yoyote itakayomchokoza.

Kuhusu hela, badilisha namba ya siri ya simu yako leo. Akiba ya vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, iandikwe na kutunzwa na mtu mwingine. Ada, kodi na chakula lipa moja kwa moja kwa anayehusika. Na kama mna nyumba au kiwanja, kwa Tanzania Bara Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Unaweza kuweka zuio mapema kabla hajampata mnunuzi. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watakuonyesha namna bila malipo.

Njia ya usalama

Sasa kipigo. Sheria hiyo hiyo ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Imesema hivyo tangu 1971, wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2015 na 2016 ulikuta wanawake wanne kati ya kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa tangu walipofikisha miaka 15. Kwa hiyo ukidhani ni aibu yako peke yako, tazama wanawake mlioketi nao kwenye kikao cha vikoba.

Ukiumizwa vibaya, nenda hospitali kwanza. Fomu ya polisi namba tatu, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini isikufanye uvuje damu ukiisubiri. Ukibakwa, hata na mume, fika hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi baada ya hapo, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Kama unaweza usioge, na nguo zile usizifue. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi, ustawi wa jamii na mshauri wako sehemu moja, usizungushwe ukisimulia maumivu yako dirisha kwa dirisha. Zanzibar kipo Mnazi Mmoja, Dar es Salaam kipo Amana, na mikoa mingine nayo imefuata.

Polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Ukipata ofisa anayekuambia mkayamalize nyumbani, omba kumwona mkuu wa kituo, au rudi ukiwa na msaidizi wa kisheria. Mwenyekiti wa mtaa, au sheha kwa Zanzibar, naye ana nafasi yake, na Bara kuna kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa kwenye kata na mitaa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi yao ulioanza 2017, ule tunaouita MTAKUWWA. Ofisa ustawi wa jamii ndiye anayeweza kukupeleka nyumba salama. Nyumba hizo bado ni chache na mahali zilipo hapatangazwi, kwa hiyo kafahamiane naye mapema, usisubiri usiku wa manane.

Na jiandae kimya kimya. Vyeti vya watoto, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa na kadi za kliniki, peleka nakala kwa mtu unayemwamini. Weka nauli kando. Kubaliana na jirani neno moja, akilisikia kwenye simu ajue ni kuita msaada. Ugomvi ukianza, usikimbilie jikoni kwenye visu wala chumba kisicho na mlango wa pili. Usimtangazie kwamba unaondoka, kwa sababu wakati wa kuondoka ndio wenye hatari kubwa kuliko wote. Na kama ameshakukaba shingo, hata mara moja, hata kama hukubaki na alama, au ameshakutishia kwa kisu au panga, hayo si mambo ya kikao cha wazee. Mwanamke aliyekabwa yuko karibu na kuuawa kuliko anavyojua. Ondoka, mengine yatazungumzwa ukiwa salama.

Watoto wanaona

Mnaniandikia kwamba watoto wanakuwa wamelala. Hawalali, mdogo wangu, wamefumba macho tu. Binti mkubwa anayepika na kuwaogesha wadogo zake bila kuambiwa, mnamsifu ana akili, na kumbe ameacha kuwa mtoto. Yule aliyerudia kukojoa kitandani au anayepigana shuleni hana utundu, ana hofu. Waambie kwa maneno mepesi: baba anaumwa, kupiga ni kosa, na haya yote hayakuletwa na nyinyi. Waonyeshe nyumba ya jirani ya kukimbilia, na wasijaribu kuamua ugomvi. Wafundishe namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure mchana na usiku. Wapigaji wa kengele ya hatari ni sisi sote, kwani Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Mwalimu, mama ntilie, dereva wa bodaboda, wote mmo.

Nanyi majirani

Nyinyi mnaosikia ukuta ukigongwa na mnaongeza sauti ya redio, leo naongea na nyinyi pia. Kampala kulifanyika programu ya mitaani inayoitwa SASA!, iliyotungwa na shirika la Raising Voices. Hawakuleta wataalamu kutoka mbali. Walichukua watu wa mtaa wenyewe, wauza maduka, wazee, polisi, wahudumu wa afya, wakawafundisha kuanzisha mazungumzo na majirani zao kuhusu nguvu: nani anayo ndani ya nyumba na anaitumiaje. Utafiti uliochapishwa 2014 ukaonyesha kwamba katika mitaa ile kipigo cha wanawake kutoka kwa wenzi wao ndani ya mwaka mmoja kilikuwa chini kwa asilimia 52, ukilinganisha na mitaa ambayo programu haikufika. Hayo yalifanywa na majirani.

Kwa hiyo vikoba, tengeni mfuko mdogo wa dharura ambao mwanachama aliyepigwa anapewa nauli bila kuhojiwa. Maimamu na wachungaji, mkimfungisha mtu ndoa mwambieni wazi kwamba kupiga hakumo. Wanaume wa kijiweni, rafiki yenu akijisifu kwamba amemnyoosha mkewe, msicheke. Na jirani, ukisikia kelele, piga hodi uombe chumvi. Kuna kipigo kilichokatizwa na chumvi. Ukiona silaha usiingie, piga simu polisi na uite wenzako.

Mama mkwe naye nina neno lake, na nalisema kwa heshima. Mama, mwanao anaumwa na moyo wako unavuja, hakuna wa kukulaumu kwa kumpenda. Lakini ukimwambia mkamwana avumilie, unamkinga mwanao na kitu pekee ambacho kingemwamsha. Siku akimuua mkewe utakuwa umewapoteza wote wawili, na wajukuu watabaki na makovu. Kama kweli unataka kusaidia, mchukue mwanao akae kwako, mwende wote kliniki kila asubuhi, na mkamwana apumue.

Ndugu yangu uliyeandika, jibu langu ni hili. Usichague kati ya kumsaidia na kujiokoa. Anza na usalama wako na wa watoto, kesho, kwa kumwona ofisa ustawi wa jamii wa kata yako na kumweleza kila kitu kama ulivyonieleza mimi. Ukiwa mahali salama, piga 119 uulizie kituo cha methadoni, umpe mama mkwe ile anwani. Mumeo akienda, mshukuru Mungu, na mpe muda. Usipime kurudi kwake nyumbani kwa ahadi. Pima kwa miezi ya kuhudhuria kliniki, na kwa namna anavyokuongelesha unapomwambia “hapana”. Asipokwenda, utakuwa umemwonyesha njia, na maisha yako na ya wanao yatakuwa yameendelea.

Kateni namba hizi mziweke: Tanzania, 116 kwa watoto na 119 kwa dawa za kulevya. Kenya, 116 kwa watoto, 1192 kwa ulevi na dawa za kulevya, 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Msizihifadhi tu kwa ajili yenu. Mpeni na yule jirani mnayemwona akivaa mtandio mpaka machoni siku ya joto.

Nawapenda,
Dada yenu